Vigae Mia Moja na Viwili

Walikuwa wameshatoka geti la shule, fundi wa vigae mbele, binti yake nyuma na begi la vitabu. Baba hakugeuka. Alikuwa amemwambia mwalimu wa hesabu kwamba binti harudi tena, na asitumwe mtu kuja kumbembeleza.

Mwalimu alikuwa amempa binti sufuri katika maswali saba. Majibu yote yalikuwa sahihi, ila hapakuwa na hatua hata moja. Akasema huko ni kunakili, na bila hatua atarudia darasa. Binti alifura. Kwao hesabu hufanywa kichwani. Baba ndiye aliyemfundisha hivyo, na humcheka anayeshika karatasi.

Wakaenda moja kwa moja kazini, zahanati, kutandika vigae chumba cha dawa. Nesi, jirani yao, aliwafungulia. Baba akapima sakafu, akapima na kaunta ya saruji iliyojengwa kwenye kona. Akatazama juu kidogo.

"Mia moja na nane," akasema.

"Mia moja na mbili," binti akasema.

"Umemalizana na mwalimu, sasa zamu yangu? Kwa nini mia moja na mbili?"

"Najua tu, baba."

"Najua tu! Hivyo ndivyo anavyosema aliyenakili."

Binti akafura tena. Maneno yale yale ya mwalimu, na safari hii kutoka kwa baba yake mwenyewe.

Nesi akamnyooshea chaki. "Hasira weka mkononi, mwanangu. Mimi nikipiga hesabu ya dawa ya mtoto naandika kila hatua, mwenzangu akague kabla sijachoma sindano. Anza na ulichopewa."

Binti akapiga magoti. Aliandika kwa nguvu hadi chaki ikakatika.

Sakafu: mita 4.8 kwa mita 3.6.
Kigae: sentimita 40 kila upande.
Vipimo viwe vya aina moja: sentimita 480 kwa 360.
480 ÷ 40 = 12
360 ÷ 40 = 9
12 × 9 = 108
Kaunta, sentimita 120 kwa 80, haiwekwi vigae: 3 × 2 = 6
108 − 6 = 102

Baba alifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama kwenye kaunta.

"Nimeisahau," akasema. Kisha, bado kanuna: "Mbona hukusema?"

"Nilisema mia moja na mbili. Ila hukuwa na hatua za kuangalia."

Kesho yake baba alimrudisha shuleni. Hakuomba radhi, alisema tu kwamba binti ataandika hatua. Mwalimu alimpa maswali saba mapya, akakaa akimtazama akiandika kila hatua. Akalifuta neno kunakili, kwa shingo upande.

Binti alifaulu, na sasa anasomea upimaji ardhi. Mwalimu alihamishwa. Nesi alistaafu, magoti yanamsumbua. Baba bado anatandika vigae. Hukadiria kichwani kwanza, kisha huandika ukutani kwa chaki, na akikuta majibu mawili tofauti hukasirika peke yake.