Kioo Kilichotaka Kubanduka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Kwamboka alifagia karakana ya baba yake. Mzee Nyasani alikuwa mchongaji wa vinyago vya mawe ya sabuni, na vumbi la mawe hayo, laini kama unga, lilitua kila mahali, hata kwenye kope za mzee.

"Leo unafagia kama anayefukuzwa," baba alisema.

"Ni siku ya maonyesho ya sayansi, Tata."

Kwamboka na Makori, mwenzake wa Gredi ya Saba, walikuwa wameunda mtambo wa kuchora kwa mwanga. Walitoa mota mbili kwenye vichezeo vibovu. Juu ya kila mota walikaza kisahani cha jiwe la sabuni, kisha wakabandika kipande cha kioo kilichoinama kidogo. Mwale wa leza uligonga kioo cha kwanza, ukaruka hadi cha pili, kisha ukutani. Mota zilipozunguka, ukuta ulijaa maua mekundu.

Lakini jana jioni kioo kimoja kilibanduka. Kwamboka alijua sababu. Baba yake hatii kamwe gundi kwenye jiwe kabla ya kuliosha na kulikausha, kwa kuwa gundi haishiki vumbi. Yeye na Makori walikuwa na haraka, hawakuosha. Makori alikirudisha kioo kwa gundi zaidi.

"Kitakaa tu," alisema. "Usianze uoga wako."

Shuleni kwao, karibu na soko la Suneka, madirisha ya darasa yalifunikwa kwa mablanketi ili kuwe na giza. Mwalimu Bosibori aliwasimamisha mlangoni.

"Mtambo wenu ni salama? Hakuna kitu kilichowahi kutoka?"

Makori alimkanyaga Kwamboka mguuni.

"Hakuna, Mwalimu," Kwamboka alijibu.

Waamuzi waliketi nyuma. Watakaoshinda wangeenda kushindana mjini Kisii, na Kwamboka aliitamani sana safari hiyo. Kisha mlango ukafunguliwa. Watoto wa Gredi ya Kwanza waliingia na kuketi sakafuni, mbele kabisa. Miongoni mwao alikuwa Linda, mdogo wake.

"Huyo ni dada yangu!" Linda aliwatangazia wenzake.

Makori aliwasha. Ua jekundu lilichanua ukutani, watoto wakapiga makofi. Kwamboka hakutazama ukuta. Alikuwa akisikiliza. Tik. Tik. Tik. Kioo kilikuwa kinacheza juu ya kisahani.

"Makori, zima."

"Wewe! Waamuzi wanaandika alama. Ukizima, Kisii tumeikosa!"

Tik-tik-tik. Linda alisogea mbele, macho yamemtoka kwa furaha.

Kwamboka aliruka mbele ya watoto, akaupa mtambo mgongo, akapeleka mkono nyuma na kung'oa nyaya za betri. Ua likazimika. Wakati huohuo kioo kilichomoka, kikamgonga kwenye sweta na kuvunjika miguuni pake.

Linda akaanza kulia.

"Mwalimu," Kwamboka alisema, "nilikudanganya. Kilibanduka jana. Hatukuosha vumbi la jiwe."

Makori aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemkanyaga mguu ili anyamaze."

Waamuzi walinong'onezana, wakafunga kalamu zao na kwenda darasa lililofuata. Safari ya Kisii ilikuwa imekwisha. Kwamboka aliokota vipande vya kioo huku machozi yakimdondoka.

Mwalimu Bosibori alichuchumaa kando yake. "Nilipokuuliza mlangoni, sikuwa natafuta kosa la kuwaadhibu. Kila fundi hukosea. Vumbi mngeliosha kwa maji, mkaanza upya. Lakini jicho la mtoto likipasuliwa na kioo au kuchomwa na leza, mngeliosha kwa kitu gani? Uongo wenu mfupi ungemgharimu mwingine maisha yake yote. Umechelewa kusema ukweli, mwanangu, lakini umeusema. Sasa chukua karai."

Mchana huo waliosha visahani, wakavisugua kwa msasa na kuvianika juani. Walibandika kioo kipya na kusubiri gundi ikauke kabisa. Kisha waliufungia mtambo ndani ya sanduku la mbao lenye tundu la kupitishia mwale, wakauinua mezani ili mwale huo upite juu, mbali na vichwa vya watoto.

Waamuzi walikuwa wamekwisha kuondoka. Ila Gredi ya Kwanza waliitwa tena, na Mwalimu akawapanga nyuma ya darasa. Kwamboka aliwasha, akategea sikio. Mota zilivuma taratibu. Hakuna kilichogonga.

"Dada," Linda aliita gizani, "fanya ua lingine!"

Na Kwamboka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitazama ukuta.