Reli ya Darini

Asubuhi ile mwanamke mdogo alikuwa amegeukia ukuta.

Alikuwa sanamu ya madini ya risasi, urefu wake haukuzidi kucha ya kidole gumba, koti lake jekundu, naye alisimama kwenye jukwaa la stesheni ndogo akingoja treni. Wilfred Haigh, mume wa kwanza wa shangazi yetu Muriel, ndiye aliyemchonga na kumpaka rangi afanane na mkewe. Wapenzi wa reli ndogo, zile za mfano zinazojengwa juu ya meza, wana desturi hiyo ya kujiweka wao na watu wao ndani ya kazi zao. Jana yake Leonard Ogden, mume wa pili, alikuwa amechonga mwanamume mwenye kofia ya kahawia, yaani yeye mwenyewe, akambandika kando ya yule mwanamke. Sasa mwanamke amempa kisogo, na gundi chini ya miguu yake ilikuwa nzima.

"Muriel!" Leonard aliita kupitia tundu la dari. "Umepanda huku?"

"Nipande nifuate nini, na baridi yote hii?"

"Yule wa koti jekundu amenigeuzia mgongo."

"Labda hujanyoa, Len. Shuka, chai inapoa."

Leonard hakucheka. Watu wa mji wetu wa Todmorden waliomjua watakuambia kwamba alikuwa mwema, mchapakazi, na mwenye wivu usio na kiasi. Yeye na Wilfred walikuwa katika chama kimoja cha reli ndogo. Kila maonyesho, Wilfred wa kwanza, Leonard wa pili. Wilfred alipokufa kwa kifua, Leonard alikuja kumfariji mjane, akawa haondoki, mwisho wakafunga ndoa. Wanachama wenzake walimtania usoni: "Ogden, umeokota injini pamoja na behewa lake!" Alivumilia. Asichoweza kuvumilia ni wageni waliopanda darini, wakatazama vilima, mahandaki na vichwa vya treni vya mvuke visivyozidi shubiri moja, kisha wakasema, "Ama kweli, Wilfred alikuwa na mikono."

Basi, wiki chache kabla ya asubuhi ile, aliamua kumalizia kona moja ambayo marehemu hakuifikia: banda la injini, na shimo ambamo injini humwaga majivu. Katika kabati la rangi la Wilfred alikuta kopo la peremende lisilo na maandishi, limejaa majivu ya kijivu yenye punje nyeupe. Mtu mwingine angeliacha. Fundi wa reli ndogo anajua kwamba hakuna rangi inayoshinda kitu chenyewe: makaa hufanywa kwa makaa yaliyosagwa, na majivu kwa majivu. Leonard alidhani marehemu aliyazoa kwenye banda la injini za kweli. Akayakoroga na gundi na maji, akalijaza shimo, na yaliyobaki akaisugulia injini nyeusi aliyoipenda kuliko zote, ile ya Wilfred, mpaka ikaonekana imefanya kazi miaka arobaini. Kwenye maonyesho mwamuzi aliinama, akavua miwani. "Hii si rangi," alisema. "Inapumua." Leonard akarudi nyumbani na kikombe cha ushindi, cha kwanza maishani mwake.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza. Binamu zangu husema yalianza kwa mayowe. Si kweli. Yalianza kwa harufu.

Reli ya darini iliendeshwa kwa umeme, haikuwahi kuona moto. Lakini ngazini palinuka moshi wa makaa ya mawe, mafuta ya moto, na chini yake, kwa mbali, tumbaku ya kiko. Leonard hakuvuta kiko. Siku chache baada ya kupewa kisogo, yule mwanamume wa kofia ya kahawia alikutwa amelala kwenye reli, magurudumu yamempita kiunoni. Leonard alichonga mwingine, naye akakatika vilevile. Muriel akaanza kubadilika. Alikuwa akiimba jikoni, wimbo ambao Leonard hakuujua. Alijipaka manukato kabla ya kufua.

"Unamngoja nani?" Leonard aliuliza.

"Nimngoje nani, jamani? Mume si ninaye?" Lakini macho yake yalikuwa yameelekea dari.

Ulikuwa msimu ule wa baridi ambao umeme ulikatwa nchi nzima kwa zamu, na giza likiingia saa kumi jioni tulikaa na mishumaa kama babu zetu. Jioni moja umeme ulikatika Leonard akiwa amekaa sebuleni na gazeti, na kabla hajapapasa kiberiti alisikia juu ya kichwa chake magurudumu madogo yakizunguka, tak-tak, tak-tak, polepole kwanza, kisha kwa kasi, katika nyumba isiyokuwa na umeme hata wa kuwasha taa moja. Akaita Muriel, hakujibiwa, akashika mshumaa, akapanda ngazi huku moshi ukimchoma koo, na alipopenyeza kichwa kwenye tundu la dari aliona injini nyeusi ikizunguka peke yake, tumbo lake limewaka jekundu kama jiko, na shangazi Muriel amepiga magoti sakafuni, shavu lake limelala juu ya reli, nywele zimetandazwa njiani, anatabasamu, na injini ikifika kwenye nywele inapunguza mwendo, inasimama, inatoa mvuke mwembamba sikioni mwake, kama mtu anayenong'ona, kisha inarudi nyuma na kuanza tena.

Leonard alimvuta kwa kiuno. Injini ikazimika.

"Anasema nini?" alinong'ona. "Muriel, anasema nini?"

"Anasema umemweka vizuri." Muriel alirudisha nywele nyuma. "Len, lile kopo la peremende liko wapi?"

"Kopo gani?"

"La kabatini. Nilimweka humo."

"Ulimweka nani?"

"Unajua nani!" Ndipo akalia. "Aliniomba mwili wake ukishachomwa, majivu nikayatie kwenye tanuri la injini ya kweli. Nikashindwa kumwachilia. Na wewe ningekwambiaje? Ukisikia jina lake tu unanuna wiki nzima!"

Leonard alilitazama shimo lake, na ile injini iliyompa kikombe. Alitapika kwenye ndoo ya kokoto.

Mtu waliyemwendea aliitwa Cyril Sutcliffe, dereva mstaafu wa treni za mvuke, aliyejitolea kwenye njia ya kale iliyofufuliwa bondeni. Wajane wengi walikuwa wamempelekea majivu ya waume zao ayatie tanurini. Alifanya kazi hiyo kwa heshima, kofia mkononi.

"Mmemgandisha na gundi?" Cyril aliuliza kwa sauti ya chini. "Mungu wangu, Ogden. Mtu anataka kwenda, wewe umembandika na mke wake juu ya meza moja, tena ukajibandika katikati."

"Nitolee jini hili nyumbani kwangu, Cyril. Nakuomba. Nataka mke wangu."

"Kwangua. Usibakize punje. Na injini yenyewe uilete."

Leonard alikwangua kwa kisu kidogo mpaka vidole vikatoka damu. Jumapili, mchana mweupe, wote watatu walisimama kwenye kibanda cha dereva. Cyril akafungua mlango wa tanuri, joto likawapiga usoni. Leonard akatupa vumbi, akatupa injini nyeusi, akatupa hata kikombe, kwa hiari yake. Moto ukanguruma.

"Nenda salama, Wilf," Cyril alisema. "Njia ni nyeupe."

Walishuka jukwaani. Moshi ulipanda juu wima, kisha, bila upepo wowote, ukakunjika, ukashuka, ukamzunguka Muriel peke yake katikati ya watu. Leonard alimwona akifumba macho. Alimwona akifungua kinywa, akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, mpaka hewa jukwaani ikawa safi.

"Unajisikia vibaya?" Leonard aliuliza.

"Hapana. Najisikia vizuri."

Treni hiyohiyo iliwarudisha mjini. Walipata chumba cha behewa peke yao, wakakaa benchi moja. Leonard akamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Alikuwa na furaha, aliniambia mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Muriel alipumulia kioo cha dirisha, na pale ambapo pangeingia ukungu paliingia masizi.

Kisha akaukunja mkono wake polepole, akauweka mapajani.

"Sogea kidogo, Len," alisema kwa upole. "Unamkalia."

Leonard akasogea.