Hawah Hachezi Leo

Soko la Jumamosi pale Arua, mwaka ule wa sabini na nne, halikuwa mahali pa mtu mwenye haraka. Watu walibanana kuanzia kwa wauza samaki wakavu hadi kwenye vibanda vya vitambaa, na katikati ya msukumano huo alisimama Hawah, binti wa Kinubi wa mjini hapo hapo, miaka ishirini na saba, kajitanda shuka la rangi ya papai, mkononi kapu kubwa lenye vitunguu vitatu. Vitatu tu, ndugu yangu. Si kwamba alikuwa mchoyo. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa chini ya nguo, imefungwa kitambaa kipana kutoka mbavuni hadi nyongani.

"Baba, nishushie ile ya maua," alimwambia muuzaji. "Ile ya juu kabisa. Mkono yangu hapana fika."

Nyuma yake mtu akasema, "Huyu ni Arua."

Hawah akageuka. Akakutana na mwanamume mrefu, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi la soko zima.

"Wewe ni simu ya Arua," yule bwana akaendelea. "Kila siku saa tisa mimi napiga kutoka Koboko, ofisi ya tumbaku, na wewe unasema, 'Arua hapa, ngoja kidogo.' Sauti hii siwezi kupoteza, hata ndani ya kelele ya soko."

"Ah, wewe ndiye Koboko Tumbaku," Hawah akasema, na tabasamu likamtoka bila ruhusa. "Yule wa 'tafadhali mama, tafadhali mama'. Kwani mimi ni mama yako?"

"Nilifikiri wewe iko na miaka sitini."

"Na sasa?"

"Sasa naomba radhi."

Jina lake Tahiru, karani wa kupima tumbaku, alikuwa kaja Arua kuleta barua za ofisi. Alinyoosha mkono kulipokea kapu, akachungulia ndani, akakunja uso.

"Vitunguu tatu. Wageni wako ni wangapi?"

"Hii ni safari ya kwanza. Nyanya nitarudi kununua baadaye, halafu unga mara ya tatu."

"Kwa nini hapana nunua yote pamoja?"

"Napenda kutembea," Hawah akajibu.

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni hii. Miaka miwili nyuma Hawah alizaa mapacha, wasichana wawili wanene, na baba yao akaenda Jinja kutafuta kazi, akapata mke. Mapacha walipotoka, tumbo halikurudi. Nyama za katikati zilikuwa zimeachana, kitovu kikatoka nje, kikawa kinauma kila akikohoa, na ngozi ikaning'inia hata gurbaba, ile nguo ya kujifunga kiunoni ambayo wanawake wa Kinubi huitia nakshi kwa mkono, ikakataa kukaa vizuri. Wiki tano kabla ya siku ile ya soko, Dokta Constantino alimlaza kitandani, akazishona zile nyama, akakirudisha kitovu, na ngozi ya ziada akaikata.

Maneno ya mjini hayakukawia. Jirani mmoja alisema kisimani, Hawah akisikia, kwamba Mungu kampa tumbo naye kalipeleka kwa fundi. Tangu siku hiyo Hawah hakumwambia mtu tena.

Masharti ya kupona alipewa na Sista Driciru, nesi wa Kilugbara asiyecheka ovyo, kwenye daftari la shule. Tembea kila siku, ongeza kidogo kila wiki. Vuta pumzi, ukiitoa vuta tumbo ndani taratibu. Usibebe mtungi, usibebe mtoto, kaa chini wapande wenyewe. Kuruka, kuinama kwa nguvu na ngoma, mpaka miezi mitatu iishe na mimi nikuangalie. Ukisikia mvuto, simama pale pale. Na mstari wa mwisho Driciru aliupigia kalamu mara mbili.

Tahiru hakujua lolote kati ya hayo. Alijua tu kwamba msichana huyu anatembea polepole, bega kwa bega naye, kama hataki njia iishe. Akarudi Koboko akipiga mluzi.

Kuanzia Jumatatu, kwenye meza ya Hawah ya kuunganisha simu, simu za tumbaku zikawa ndefu.

"Arua hapa."

"Koboko hapa. Umekula?"

"Bwana, unataka namba gani?"

"Namba ya kujua kama umekula."

"Nimekula. Toa namba, msimamizi wangu iko nyuma."

"Basi nipe mbili saba, ghala la tumbaku. Na Jumamosi nakuja. Tutatembea?"

"Ngoja kidogo," alijibu Hawah, na akaunganisha waya huku masikio yanamwaka moto.

Wakatembea. Jumamosi ya kwanza mpaka kwenye msikiti, ya pili mpaka uwanja wa ndege, ya nne wakafika njia ya Dadamu, mihogo kushoto na mihogo kulia. Tahiru alibeba kapu, alibeba mwavuli, siku nyingine alibeba pacha mmoja begani na mwingine mgongoni. Alimsimulia habari za wakulima wanaolowesha tumbaku ili izidi uzito, wakafikiri karani ni mjinga. Hawah alicheka akiwa ameshika tumbo, na Tahiru akaona hata kucheka kwake kuna adabu.

"Roho yangu," alimwambia siku hiyo ya Dadamu, "wiki ijayo dada yangu anaolewa. Njoo Koboko. Mama anataka kukuona."

Hawah alihesabu kichwani. Ingekuwa wiki ya kumi.

"Nitakuja," alisema.

Alikwenda na basi la asubuhi, mto wa kulalia umebanwa tumboni kwa ajili ya mashimo ya barabara. Alivaa gurbaba mpya yenye maua mekundu na ya kijani, na kwa mara ya kwanza tangu azae ilimkaa kama alivyoota. Alijiona mzuri, na akafurahi kujiona hivyo. Nani atamlaumu?

Mama yake Tahiru aliitwa Mama Medina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, bingwa wa doluka, ngoma ya wanawake wa Kinubi, Koboko nzima. Alimpokea Hawah vizuri, akamkalisha mkekani kati ya shangazi, akamlisha kwa mkono wake. Kisha ngoma zikaanza. Wanawake walipanga duara, wakaimba, na Mama Medina akaingia katikati. Akashuka, mabega yanatetemeka, magoti yanakunjika, mpaka karibu agusane na ardhi, akapanda tena polepole. Vigelegele vikajaa uani. Ndipo akavua kitambaa chake cha kichwa na kukiweka begani kwa Hawah.

Katika nyumba ile kila mtu alijua maana yake. Mwanamke anayetakiwa na mtoto wa kiume wa Mama Medina huitwa hivyo, mbele ya watu wote, na hushuka chini kama mama alivyoshuka. Akishuka, amekubali nyumba. Akirudisha kitambaa, ameikataa. Tahiru hakuwa amemwambia, kwa kuwa hata hakufikiri Mnubi anaweza kukataa doluka. Shangazi mmoja alimnong'oneza Hawah maana hiyo pale pale mkekani.

Hawah akasimama. Alimtaka Tahiru, Mungu anajua alivyomtaka. Alipiga hatua mbili, akaanza kukunja goti, na chini ya kitovu kitu kikavuta, kifupi na kikali. Akasimama wima. Aliona wazi mambo mawili: mwanamume anayempenda akimpotea, na mshono ukifunguka ndani. Macho ya Koboko yote yalikuwa kwake. Angesema nini? Nimekatwa tumbo? Mbele ya wanawake sitini?

"Mama, nisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Leo sichezi."

Akakikunja kile kitambaa na kukirudisha kwa mikono miwili.

Mama Medina alikipokea, akajifunga upya kichwani. Ngoma zikaendelea kwa mtu mwingine. Habari ikamfikia Tahiru upande wa wanaume kabla sinia la pilau halijamfikia, na jioni alipomsindikiza Hawah kwenye basi hakuuliza kitu. Hawah naye, kwa haya, hakueleza kitu. Basi likaondoka.

Jumatatu saa tisa simu ililia.

"Arua hapa."

"Mbili saba."

"Tahiru, hujambo?"

"Sijambo. Mbili saba, tafadhali mama."

Lile "mama" sasa halikuwa na utani hata kidogo. Hawah aliunganisha waya, machozi yakadondokea mezani. Angeweza kumweleza siku hiyo hiyo, lakini mambo ya tumbo hayasemwi kwenye waya ambao nusu ya wilaya inausikiliza. Jumamosi Tahiru hakuja. Hawah alitembea peke yake, kwa sababu daftari lilisema atembee, na njia ya Dadamu ikamchosha kama haijapata kumchosha.

Wiki ya kumi na mbili Sista Driciru alimbonyeza, akamwinua, akamkohoza, akaridhika.

"Imeshika vizuri kabisa. Sasa unaweza kuanza kucheza, kidogo kidogo."

"Ngoma imeisha, sista," Hawah akasema, na akamsimulia yote.

Driciru alimsikiliza akikunja bandeji. "Kwa nini hukumwambia yule mama sababu?"

"Naona haya. Kama ingekuwa ni maumivu tu, ningesema. Lakini mimi nilitaka pia nipendeze."

"Serikali imekataza nguo fupi," Driciru akasema bila kucheka. "Tumbo zuri haijakataza. Panda basi."

Akapanda. Alimkuta Mama Medina barazani akisuka kifuniko cha chakula, nyuzi za rangi zimemzunguka. Mama hakuinuka.

"Iko nini?" aliuliza. "Umesahau kitu?"

"Nimesahau kusema, mama. Naomba tuingie ndani, mimi na wewe tu."

Ndani, mlango umefungwa, Hawah alifungua gurbaba yake, akaonyesha mshono: mstari mwembamba kutoka nyonga hadi nyonga, ukianza kufifia rangi. Akaeleza yote, mapacha, kitovu, daktari, daftari, miezi mitatu, na ule mvuto siku ya harusi. Hata la kutaka kupendeza hakulificha.

Mama Medina aliinama, akaupitishia mstari ule kidole. Kisha akasimama, akafungua gurbaba yake mwenyewe, na kitambaa cha chini, na cha chini yake tena. Kitovu chake kilikuwa kimetoka ukubwa wa embe.

"Watoto tisa," alisema. "Huyu Tahiru ndiye alifungua hii, alizaliwa kama ndama. Miaka thelathini nafunga kitambaa. Nikicheza doluka, nikienda kulala nashika kwa mkono mpaka asubuhi."

"Mama, na siku ile ulishuka mpaka chini."

"Nilishuka. Nilifikiri kila mwanamke anavumilia tu. Halafu wewe, mtoto mdogo, unasema leo sichezi, watu wote wanaangalia." Sauti yake ya kuamuru ilikuwa imemwishia. "Mimi nilikasirika sana, binti yangu. Nilikasirika kwa sababu na mimi nilitaka kukaa chini."

Wakashikana, matumbo wazi, wakalia kidogo na kucheka kidogo. Mama Medina ndiye aliyefuta machozi kwanza.

"Sasa sema. Huyo daktari anaonekana siku gani?"

Tahiru aliporudi kula mchana alimkuta Hawah barazani, ameshika nyuzi za mama yake. Alisimama kama mtu aliyekosea nyumba. Hawah alimweleza kwa maneno machache, akitazama nyuzi.

"Ulisema, 'Napenda kutembea,'" Tahiru akasema polepole. "Kumbe ulikuwa unatembea kwa dawa. Mimi nilifikiri ni kwa ajili yangu."

"Nilianza kwa dawa. Wiki ya nane hivi nilisahau kuandika kwenye daftari."

"Ungeniambia, Hawah."

"Niliogopa utacheka."

"Mimi nilichukia wiki mbili nzima bila kukuuliza hata swali moja. Nani wa kuchekwa?" Akakaa chini karibu naye, bugaluu na vumbi lake. "Nilikukosa. Kila siku saa tisa nilisikia sauti yako, nikakata simu, nikapima tumbaku vibaya."

"Nilijua. Mbili saba walilalamika."

Wakacheka wote wawili, na Hawah safari hii hakushika tumbo.

Mwezi uliofuata Mama Medina alilazwa kwa Dokta Constantino. Siku ya tatu Tahiru na Hawah walimkuta ameegemea mto, Sista Driciru akimsomea daftari jipya. Tahiru alisubiri sista atoke, akasafisha koo, akaushika mkono wa Hawah hapo hapo mbele ya mama yake.

"Hawah, nataka kukuoa. Wewe na mapacha. Nimeshaongea na baba yako, anasema shauri lako."

Hawah alimtazama mpaka mwanamume wa watu akaanza kutoka jasho. "Nakubali," alisema. "Nilikubali zamani."

"Basi tufunge ndoa mwezi huu," Tahiru akasema, akipumua. "Hata Ijumaa hii."

"Ijumaa ipi?" sauti ikatoka kitandani. "Nani atacheza? Daftari inasema miezi mitatu."

"Mama, miezi mitatu ni mingi."

Mama Medina alishika tumbo lake kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, kabla ya kujibu.

"Wewe ulikaa ndani ya hii miezi tisa, ukatoka ukaiacha wazi," alisema. "Utangoja mitatu."