Kioo cha Upande wa Flavia

Kioo cha upande wa abiria kilianza kuwa kizito siku ya harusi yenyewe. Flavia, shela bado kichwani, alibonyeza swichi ili upepo usimvuruge nywele, kioo kikapanda kwa kujikokota, kikilalama, kikaishia nusu. Wenseslaus akasema gari la zamani lina maringo yake. Wakacheka wote wawili. Flavia alikuwa na haki ya kucheka siku ile, masikini.

Gari lenyewe Wenseslaus alilinunua enzi za mke wake wa kwanza, Theodora, kwa hela ya kahawa. Theodora alilipenda mno. Alikaa kushoto, kiwiko dirishani, akipungia watu mkono njia nzima kama mgombea ubunge. Kisha akaugua, akafa, akazikwa Mwika kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, kama wanavyozikwa watu wa huko. Flavia, aliyezaliwa kule tambarare kwenye mashamba ya miwa, alikuja baadaye, na hakuwahi kumwona.

Ndiyo maana wivu ulimla. Mke mwenza aliye hai unaweza kumnunia, ukasusa, yakaisha. Marehemu utamnunia vipi? Flavia aliondoa picha ukutani. Akagawa vyombo. Akachukua kitambaa cha kufuma ambacho Theodora alikitandika kwenye kiti cha kushoto, akakichoma jalalani, tena akasimama pale mpaka kikaisha. Mimi simtetei, ila ninamwelewa.

Tangu hapo kioo kikazidi kugoma. Wakampelekea gari Primus, fundi wa Majengo, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Primus akapima umeme wa betri, ukawa mzima. Akabadilisha swichi. Akasafisha raba ambamo kioo hupita, akapuliza mafuta, akasema kwa madaha kwamba kazi imekwisha. Akakaa mwenyewe kujaribu, kioo kikapanda vizuri kabisa. Akakaa Flavia, kikagoma. Primus akashuka, akakaa tena, kikapanda. Maneno yake yakaanza kupungua.

Akafungua mlango wote, akatoa mota, akaiweka juu ya benchi, waya zikiwa zinaning'inia. Akamwomba Flavia akae kwenye kiti ili aone reli ya kioo inakwama wapi. Flavia akakaa. Kioo, ambacho hakikuwa kimeunganishwa na kitu chochote, kikaanza kushuka taratibu, kikilalama vilevile, na ndani ya gari kukasikika harufu ya mafuta ya nazi na udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Primus aliongea kwa sauti ya chini sana.

"Dada, hebu shuka kwanza. Nani alikuwa anakaa hapa?"

Flavia akashuka. Primus akarudisha mota, akafunga mlango, na alipoulizwa malipo akatikisa kichwa, akaingia zake ndani. Wifi yake Flavia aliposikia akashauri awe anakaa kiti cha nyuma, yaishe. Hapo Flavia akawaka. Akasema yeye ameolewa, hajaomba lifti, na kiti cha mbele kwenye gari la mume wake ni chake, atakikalia hata kama kina miiba. Kwake kiti hicho ndicho kilichokuwa ndoa yenyewe. Akihamia nyuma leo, kesho atahamia wapi?

Jumapili moja baada ya misa walikuwa wanapanda kwenda Mwika kwa mama mkwe. Walipopita Marangu ukungu ukashuka mchana kweupe, Wenseslaus akawasha taa, akapunguza mwendo. Flavia alikuwa amefunga kioo tangu Himo. Kikaanza kushuka chenyewe, bila yeye kugusa kitu, baridi ikaingia, na ile harufu ikaja nayo, nazi na udongo, nzito mpaka akaionja ulimini, akainama kushika swichi, upepo ukachukua ncha ya mtandio aliojizungushia shingoni ukaitoa nje, na kioo kile kilichokuwa kikipanda kizembe miezi yote kikapanda ghafla, kikaubana mtandio, kikazidi kuuvuta, shavu lake likiwa limegandamizwa kwenye kioo na pumzi ikimkatika, na mbele ya jicho lake, kwenye ukungu uliotanda juu ya kioo kwa ndani, akaona alama ya kiwiko cha mtu.

Wenseslaus akafunga breki, akauchana mtandio kwa meno na mikono. Na neno lililomtoka halikuwa jina la Flavia.

"Theo, basi. Basi, mama."

Flavia alilisikia. Nadhani liliuma kuliko mtandio.

Mama mkwe, Mektrida, aliwapokea mlangoni. Flavia akatoa shikamoo kwa sauti iliyokauka, akaonyesha shingo. Bibi akapiga ishara ya msalaba, kisha akaenda mpakani mwa kihamba akakata jani la sale, refu, bichi. Watu wa pwani wangeita jini, akasema, lakini huyu ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani huombwa.

"Sikiliza, mwanangu. Ukimpelekea mtu sale, hawezi kukunyima. Atakupa kile utakachotamka, hichohicho, na kwa jambo hilo huwezi kurudi kuomba tena. Mwambie apumzike. Usiongeze neno."

Flavia akaitikia. Alikuwa tayari, ninawaambia, alikuwa na neno hilo moja mdomoni, akalibeba kati ya migomba mpaka kaburini, mume wake na Mektrida wakimfuata. Akakuta maua. Maua mabichi, yamefungwa kwa utepe wa duka la Moshi mjini, na pembeni mengine ya wiki iliyopita, na mengine yaliyonyauka ya kabla ya hapo. Akageuka kumtazama mume wake. Wenseslaus akainamisha kichwa. Flavia alikuwa hajawahi kuletewa ua hata moja.

Akaliweka jani juu ya kaburi kwa nguvu.

"Theodora, nipishe. Kile kiti ni changu."

Mektrida akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Wakati wa kushuka ukungu ulikuwa umeisha. Flavia akakaa kushoto, akabonyeza swichi, kioo kikapanda laini kama cha gari jipya. Akakishusha, akakipandisha, akacheka peke yake. Hakuna harufu. Akaegesha kiwiko dirishani, na walipofika Himo akampungia mtu asiyemjua. Alijisikia mke, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Ndipo nyuma yake kukasikika mlalamo.

Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kinashuka, taratibu, kwa kujikokota. Mikono yote miwili ya Wenseslaus ilikuwa kwenye usukani. Nywele za kisogoni mwa Flavia zikasukumwa kando, kwa upole, kama mtu anayetaka kuona barabara vizuri, na harufu ya mafuta ya nazi ikampita shingoni. Akataka kugeuka, akashindwa. Akamtazama mume wake.

Wenseslaus aliinua mkono, akakigeuza kidogo kioo cha kati, kile cha kuangalia nyuma, akatazama humo. Akatabasamu, tabasamu ambalo Flavia hakuwahi kupewa.

Kiti alikiomba na kiti alikuwa amepewa. Hakumwomba mwenzake ashuke.