Mstari Ulionyooka Kupita Kiasi

"Nani kaacha taa inawaka ndani ya sanduku?"

Profesa aliuliza hivyo asubuhi, akichungulia meza ya leza kutoka mlangoni. Fundi wa vifaa alijifanya anatafuta bisibisi. Binti waliyempa jina la Wakili, maana hakuna ubishi uliompita pale chuoni, alimtupia Fundi jicho la pembeni. Sanduku lililofunika vioo vya leza lilikuwa jeusi, limezibwa kila upande. Ndani yake hapakuwa na taa.

"Leza ifungwe leo," Profesa akamwambia Wakili. "Wageni wakiikuta bado inayumba, nafasi yako humu maabara nampa mwingine. Tumeelewana, mwanangu?"

"Tumeelewana," Wakili akajibu, moyoni anachemka. Wavulana wote wa maabara walikuwa "daktari mtarajiwa". Mwanangu alikuwa yeye tu.

Kazi yenyewe kuieleza si ngumu. Leza haitulii, masafa yake hupanda na kushuka hata mtu akikohoa karibu. Basi mwanga wake hupitishwa kwenye kichupa cha mvuke, na upande wa pili kuna kigunduzi kinachoutazama, wao hukiita jicho. Leza ikikengeuka huku, mtambo unairudisha. Ikikengeuka kule, unairudisha. Ikitulia, mstari kwenye skrini unanyooka. Hapo husema imefungwa.

Mchana mstari ukanyooka.

"Hongera, dada!" Fundi akapiga makofi. "Nimwite mzee?"

"Subiri kwanza." Mstari ulikuwa umenyooka kupita kiasi, umegota juu kabisa ya skrini, na chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua. "Jicho limeshiba hili. Mwanga umelizidi, halitofautishi chochote. Hapa hakuna kilichofungwa."

"Wageni watajulia wapi?"

"Mimi najua, inatosha."

Akaweka kioo cheusi mbele ya jicho kupunguza mwanga. Mstari haukushuka. Akaongeza kingine. Wapi! Akaziba njia ya leza kwa kadi, kisha akaizima leza yenyewe, akachomoa na waya wake, mpaka feni ikanyamaza. Mstari palepale.

"Fundi, umetega tochi humu? Unataka nifukuzwe, uingize mpwa wako?"

"Dada, mwogope Mungu! Mpwa wangu hata kuzidisha hajui." Fundi akarudi nyuma hatua moja. "Halafu… mbona tunanong'ona?"

Wakili akasogea mezani. Akafunua sanduku. Giza tupu, vioo, na kile kichupa. Na ndani ya kichupa, kitu kikavuta pumzi, taratibu, kama mtu aliyekaa muda mrefu akisubiri kufunguliwa.

Fundi alikuwa ukumbini kabla kifuniko hakijagusa sakafu. "Toka! Toka, dada!"

"Natoka."

Akapiga hatua kushoto, mstari ukashuka; miguu yake ikamrudisha mbele ya meza bila yeye kuituma, mstari ukapanda; akajaribu kulia, akarudishwa; akashika ukingo wa kabati akajikokota kuuelekea mlango, huku harufu ya nywele ikimjaa kooni na ile pumzi ikifuatana na yake, akivuta inavuta, akishusha inashusha, mpaka vidole vikaachia kabati vyenyewe, kimoja baada ya kingine, akajikuta amesimama palepale, wima, ametulia tuli, na mstari kwenye skrini umenyooka kama uzi.

Vicheko vikasikika ukumbini. Profesa alikuwa anakuja na wageni wake.

"Mnaona?" alisema, akionyesha skrini kwa mbali. Hakuvuka kizingiti, na wageni nao akawazuia kwa mkono, eti vumbi la viatu litaharibu vioo. "Imefungwa. Haitikisiki."

"Profesa, leza nimeizima!" Wakili akapaza sauti. "Waya huo hapo, utazameni! Kuna kitu humu!"

Wageni wakacheka.

"Huyu hodari wa mdahalo," Profesa akawaambia, lakini yeye hakucheka, wala hakulitazama sanduku. "Nafasi ni yako, mwanangu. Hakuna atakayekutoa hapo."

Akawaongoza wageni kwa haraka. Fundi akabaki mlangoni, mgongo ukutani.

"Kaka," Wakili akamwita bila kugeuza shingo. Sauti yake haikuwa na ubishi tena. "Naomba uingie, unishike mkono, unitoe nje."