Heledd na Sumu ya Kindi

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule kufika, Heledd aliwafungulia kuku, kisha akampa chakula Mot, mbwa wao wa kuchunga kondoo. Asubuhi hiyo Mot hakuinuka. Ufizi wake ulikuwa umepauka, na damu ilimchuruzika puani.

Heledd alikisia kilichompata. Kindi wa kijivu walikuwa wamebambua magome ya mialoni michanga aliyopanda baba yake, Gwilym, mlimani, na miti ikaanza kukauka. Kwa hasira, baba alichanganya ngano na sumu ya panya, akaitundika msituni ndani ya visanduku. Heledd alimwambia sheria imekataza. "Ya nyumbani hayatoki nje," baba alimjibu. Na jana yake tu Heledd alikuwa amemwona Mot akitafuna kindi aliyekufa.

Yeye na baba yake walimbeba mbwa hadi kwa Daktari Angharad, mganga wa mifugo.

"Amekula sumu yoyote?" daktari aliuliza.

"Hapana," alisema Gwilym upesi. "Labda amegongwa na gari."

"Amekula, daktari!" alisema Heledd.

"Heledd! Nyamaza!"

"Sinyamazi, Baba! Nifungie ndani ukitaka, lakini Mot hatakufa kwa ajili ya uongo wetu. Amekula kindi aliyekula sumu ya panya."

Gwilym aliiva uso kwa ghadhabu. Halafu akamtazama Mot, aliyekuwa akihema kwa shida juu ya meza, na mabega yakamlegea. "Ni kweli," alisema. "Niliiweka mwenyewe."

Daktari hakupoteza muda. Alimchoma Mot sindano ya vitamini K. "Sumu hii huzuia damu kuganda," alisema. "Mnyama huvujia damu ndani kwa ndani. Na haichagui: humuua kindi, ikamuua bundi aliyemla kindi, na mbwa pia. Bila binti yako, ningetibu jeraha la gari ambalo halipo."

Mot alikunywa dawa wiki nyingi, akapona. Gwilym alivikusanya visanduku vyote, akaikabidhi sumu kwa maofisa wa wilaya na kukubali kosa lake. Sasa aliwategea kindi mitego, na kila asubuhi yeye na Heledd waliizungukia. Ilikuwa kazi ya kuchosha.

Siku moja jirani yao Emrys aliegemea ukuta wa mawe, akacheka. "Gwilym, mitego ya nini? Nigawie ile sumu yako, tuwamalize hawa wezi!"

"Sina tena. Heledd haitaki hapa."

"Kumbe siku hizi unaamrishwa na mtoto?"

Heledd alifungua kinywa, lakini baba yake alimtangulia.

"Naam, naamrishwa," alisema. "Njia ya mkato ilitaka kuniulia mbwa, na uongo ulitaka kummaliza. Aliyeniokoa ni huyu mbishi hapa. Kwa hiyo sikiliza, Emrys: ukitundika sumu karibu na mpaka wangu, yeye atakushtaki, na mimi nitakuwa shahidi wake."