Tupu Si Hapana

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye kitanda cha kona, midomo imevimba, shingo imejaa mabaka mekundu. Mikono mikubwa, ya mtu aliyeishi na randa na msumeno, ilikuwa bado imeshika shuka. Bomba la sindano lilikuwa kwenye trei, kando ya pamba.

"Penisilini," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti akivua glavu. "Mwili uliikataa, koo likafunga. Hakuchukua muda."

"Alijulikana kuwa na mzio?" aliuliza Inspekta.

"Muulize binti yake. Yuko nje, na hataki kukaa."

Inspekta akatoka. Kikosini walimwita Kibodi, kwa sababu kabla ya kuvaa magwanda alikuwa mwandishi wa programu, na wenzake waliozoea kukimbizana na wezi hawakuchoka kumtania kwamba silaha yake ina herufi. Yeye jina hilo alilipenda. Alilivaa kama cheo.

Binti wa marehemu alikuwa mwanamke mzima, macho makavu, mkoba umebanwa kwapani.

"Nilimwandikisha baba mimi mwenyewe," alisema. "Karani wa mapokezi aliniuliza kama ana mzio. Nikamwambia penisilini, nusura imuue ujanani. Nikamwona kwa macho yangu akichagua Ndiyo. Kompyuta haisahau, Inspekta. Kuna mtu amefuta."

"Unamshuku nani?"

"Ningemjua nisingekuita."

Kumbe ghorofani jibu lilikuwa limeshapikwa. Katika ofisi ya mkurugenzi, Mkuu wa TEHAMA, mtu wa miwani myembamba na sauti ya upole, aliweka karatasi mezani. Ilikuwa kumbukumbu ya mfumo wa wagonjwa, imetoka kwenye printa muda huo huo. Ilisema kwamba jana yake asubuhi, akaunti ya muuguzi kiongozi ilibadilisha simu ya jamaa wa mgonjwa. Chini ya hapo: mzio, kutoka Ndiyo kuwa Hapana.

"Inasikitisha," alisema. "Ni mama tunayemheshimu sote. Lakini mfumo hauna ndugu wala jirani. Unaandika kilichotendeka."

Mkurugenzi alijifuta jasho. "Inspekta, wizara iko mbioni kuuchukua mfumo huu uende hospitali zote. Umeandikwa hapa hapa, na watu wetu. Tulipoanza tulichekwa. Naomba jambo hili liishe vizuri."

"Litaisha kwa ukweli," alisema Inspekta. "Kama ni vizuri au vibaya, tutaona baadaye."

Muuguzi kiongozi wodini walimwita Sista Pasi. Hakuna aliyewahi kumwona na mkunjo, si kwenye sare, si kwenye kauli. Katika chumba cha mahojiano aliketi wima, mikono juu ya meza, akasubiri aulizwe.

"Jana ulibadilisha nini kwenye rekodi ya mzee?"

"Simu ya binti yake. Alikuwa amesajili laini mpya."

"Na mzio?"

"Sikuugusa. Ile fomu ya simu haina pa kugusa mzio."

"Leo kabla ya sindano uliitazama rekodi?"

"Huwa natazama."

"Mzio uliandikwaje?"

"Haukuandikwa."

"Yaani iliandikwa Hapana."

"Nimesema haukuandikwa. Palikuwa patupu. Si Ndiyo, si Hapana. Mzee alikuwa anaweweseka kwa homa, binti yake hajafika. Nikampigia daktari wa zamu nikamwambia pa mzio pako wazi. Akasema, kama angekuwa nao ungeandikwa. Mchome."

"Ukamchoma."

Hapo tu ndipo alipoteremsha macho. "Nikamchoma. Hilo nitakwenda nalo hadi kaburini. La kufuta silibebi. Utawala umeniambia nikikiri nimefuta kwa bahati mbaya, wataniombea nisifungwe. Wauguzi wa hospitali ile nusu yao nimewafundisha mimi. Nikiukubali uongo leo, kesho nitawaambia nini?"

Inspekta alijikuta amenyoosha mgongo, kama kuruta mbele ya mkubwa wake.

Daktari wa zamu alianza kwa kuruka futi mia. Hakumbuki simu. Ana wagonjwa wengi. Inspekta akamwambia kwamba kampuni ya simu inakumbuka kwa niaba yake. 

"Alinipigia," alikiri daktari. "Alisema patupu. Neno lenyewe hilo, patupu. Nilikuwa na haraka."

Inspekta na msaidizi wake, Sajini, waliporudi kwenye gari, Sajini aliwasha injini bila kuondoka. Alikuwa mtu wa makamo, mpelelezi wa shule ya zamani, asiyeamini kitu kisichoacha nyayo.

"Afande, mimi sielewi. Patupu na Hapana si baba mmoja mama mmoja?"

"Mkeo akikuuliza kama una mwanamke wa nje, ukajibu hapana, inakuwaje?"

"Tunakula, tunalala."

"Na ukikaa kimya?"

Sajini akafikiri. "Nalala sebuleni."

"Haya. Hapana ni jibu, kuna mtu amelitoa. Patupu ni kimya, hakuna aliyejibu. Karatasi ya Mkuu wa TEHAMA inasema mtu alijibu. Sista na daktari wanasema hakuna aliyejibu. Kimoja kati ya hivyo ni uongo, na karatasi haina mdomo. Aliyeichapa anao."

Kila usiku nakala rudufu ya mfumo mzima, msimbo, yaani maandishi ya programu, na data, ilijituma yenyewe kwenye seva za wizara. Inspekta aliomba amri ya mahakama, akaipata nakala ya usiku ule uliokaa katikati: baada ya Sista kubadilisha simu, kabla ya mzee kuchomwa sindano. Akaipakia kwenye kompyuta ya maabara ya polisi na kuanza kuusoma msimbo.

Alitarajia kukuta takataka. Mifumo mingi aliyoipekua katika kazi yake ilikuwa kama stoo ya mtu asiyetupa kitu. Huu haukuwa hivyo. Kila sehemu ilikuwa na kazi moja na jina linaloeleweka. Maelezo ya pembeni yalikuwa ya Kiswahili, mafupi, yenye adabu. Kulikuwa na hata onyo la upole kwa atakayekuja baadaye: hapa usiguse kabla hujanywa maji. Inspekta alicheka peke yake. Aliona fahari, kama mtu aliyepita mtaa wa mbali akakuta nyumba nzuri, akaambiwa kwamba waliojenga ni ndugu zake.

Kwa hiyo kosa alipoliona, lilimuuma.

"Sogea, Sajini. Mfumo huu umeandikwa kwa lugha ya Java, juu ya kiunzi, yaani mifupa ya programu iliyotengenezwa tayari. Mtu akituma fomu, kiunzi kinachukua kila kisanduku na kukifunga kwenye sehemu yenye jina lile lile ndani ya rekodi. Simu kwenye simu, anwani kwenye anwani."

"Kama posta."

"Kama posta. Sasa fomu kubwa ya usajili ina visanduku vyote. Fomu ndogo, ya kubadilisha simu, ina vyote isipokuwa mzio. Mwandishi alitakiwa aiambie programu: kaitoe kwanza rekodi ya zamani ghalani, ndiyo uifungie haya mapya. Hakuiambia. Kiunzi kisipopewa rekodi kinajiundia mpya, tupu kabisa. Kinafunga kilicholetwa na fomu, na rekodi hiyo mpya inahifadhiwa juu ya ile ya zamani. Ambacho fomu haikukileta..."

"Kinabaki kitupu."

"Jaribu mwenyewe."

Sajini alivuta kiti. Akamsajili mgonjwa wa kubuni, akampa jina la Bwana Boga, akachagua mzio: Ndiyo. Akahifadhi. Akafungua fomu ndogo, akabadilisha tarakimu moja ya simu, akahifadhi. Kisha akaifungua rekodi upya, kwa kidole kimoja, polepole.

Simu ilikuwa mpya. Jina lilikuwepo, anwani ilikuwepo. Mbele ya neno mzio hapakuwa na kitu.

"Mama yangu," alisema Sajini kwa sauti ya chini. "Yule sista alirekebisha simu tu."

"Alirekebisha simu tu."

Inspekta akafungua kumbukumbu za mfumo ndani ya nakala ile ile, akatafuta namba ya marehemu. Mstari ulikuwapo, saa na akaunti vilevile kama kwenye karatasi ya ofisini. Mwisho wake tu ndio uliotofautiana. Mzio: kutoka Ndiyo kuwa tupu.

Kubadilika kwake kutoka tupu kuwa Hapana kulitokea baadaye, kwenye seva ya hospitali, kwa mkono wa mtu. Na kwenye seva hiyo, polisi walipoikamata, kosa la fomu ndogo halikuwepo tena. Lilikuwa limezibwa adhuhuri ya siku ya kifo, maiti haijafika chumba cha baridi.

Kabla ya kumwita mtu, Inspekta alipita mapokezi. Karani aliyemsajili mzee alimsikiliza, akafunga dirisha lake la kioo.

"Mimi hilo nililisema," alinong'ona. "Nilimwambia Mkuu wa TEHAMA kwamba nikirekebisha simu, mzio unapotea. Nikamwambia tena. Akanishukuru, akasema nisilisambaze, wageni wa wizara wako njiani."

Mkuu wa TEHAMA alikuja kituoni na wakili, tai imefungwa vizuri. Inspekta hakumpigia kelele. Aliweka kompyuta mezani, skrini ikimtazama mgeni wake.

"Huu ni mfumo wako, kama ulivyokuwa usiku wa kuamkia kifo. Naomba umsajili mgonjwa mwenye mzio."

"Sioni sababu."

"Basi nitamsajili mimi." Akaandika. "Nabadilisha simu. Nahifadhi. Tafadhali nisomee mbele ya mzio pameandikwa nini."

Mkuu wa TEHAMA akamgeukia wakili wake.

"Hamna kitu," alisema wakili, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Mfumo wako hauwezi kuandika Hapana kupitia fomu ile. Hauna njia. Karatasi uliyonipa imeandikwa Hapana. Nani aliandika?"

"Huenda kulikuwa na hitilafu ya..."

"Nakala ya wizara inasema tupu. Nani aliandika Hapana?"

Mkuu wa TEHAMA alivua miwani. Bila miwani alionekana mchovu.

"Tupu ingeelekeza kwangu," alisema. "Mtu yeyote anayejua kazi hii akiona tupu anajua ni fomu. Hapana ni mkono wa mtu."

Wakili alimgusa bega. Akautoa ule mkono.

"Kosa ulilijua kabla?"

"Karani aliniambia."

"Kuziba kungekuchukua muda gani?"

"Ni mstari mmoja. Lakini kila badiliko lazima liandikwe na lielezwe. Wataalamu wa wizara wangelisoma. Mfumo uliokuwa unafuta mzio wa wagonjwa, nani angeuchukua? Nilisema wakishatia saini nitaziba."

"Ulikuwa unapata kiasi gani?"

"Sipati kitu." Hapo alikasirika kweli, kwa mara ya kwanza. "Unadhani ni pesa? Tulikaa kikao, mimi na vijana wangu, tukaambiwa usoni kwamba watu kama sisi kazi yetu ni kubadilisha wino wa printa. Mfumo ununuliwe nje. Nikasema tutaandika wenyewe. Miaka sijalala vizuri. Ulipoanza kufanya kazi, mama yangu aliletwa na kiti cha magurudumu kuona jina lake likitokea kwenye skrini. Nilitaka waliotucheka waje wajifunze kwetu. Ningekubali vipi uangushwe na kisanduku kimoja?"

"Ukaona heri uangushwe na Sista."

Mkuu wa TEHAMA akaivaa miwani yake, akaivua tena.

Inspekta aliifunga kompyuta. Angeweza kumchukia mtu huyu kwa urahisi zaidi kama asingekuwa ameusoma msimbo wake.

"Msimbo wako nimeusoma wote," alisema. "Ni mzuri. Nimeona fahari kuusoma. Siku karani alipokwambia, ungeziba ukaandika chini: nilikosea, nimerekebisha. Wizara ingekuheshimu zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kimeenda kwa mtu mwingine, fundi seremala ambaye hakukukosea kitu. Kisha ukamchukua mama asiye na hatia uzibe naye ufa wako."

"Nilijua hatafungwa," alisema yule mtu. "Nilijiambia hatafungwa."

Alitia saini maelezo yake mwenyewe. Alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo na kwa kughushi ushahidi. Daktari wa zamu alipelekwa mbele ya baraza la madaktari. Binti wa marehemu alisikia yote kutoka kwa Inspekta, wamekaa kwenye benchi la kituo. Aliuliza swali moja tu: kama kuna mgonjwa mwingine aliyekuwa amefutwa. Inspekta akamwambia wapo, wameshatafutwa, na rekodi zao zimerudishwa. Binti akatikisa kichwa kukubali, akasema baba yake angependa kusikia hilo.

Mkurugenzi alimvuta Inspekta pembeni kwenye korido ya hospitali.

"Mfumo tuutupe? Tununue wa nje?"

"Msiutupe. Wale vijana wa Mkuu wa TEHAMA wameshaandika majaribio ya kila fomu, na sasa rekodi haihifadhiwi kama pa mzio hapajajibiwa. Waachie kazi yao. Wanaiweza."

Asubuhi hiyo hiyo wafanyakazi walikusanywa wodini. Mkurugenzi akasoma tamko la kumwomba radhi Sista Pasi mbele ya madaktari, wauguzi, wafagiaji na wagonjwa walioweza kuinuka kwenye mito. Alisoma hadi mwisho. Wauguzi walikuwa wamejipanga ukutani, na hakuna aliyewaamuru, lakini mmoja mmoja waliweka mikono yao pembeni na kusimama wima.

Sajini alimwegemea Inspekta. "Utafikiri gwaride," alinong'ona.

Sista Pasi alisubiri mkurugenzi akunje karatasi yake. Uso wake haukusema kitu, ila kidevu kilikuwa juu kidogo kuliko kawaida.

"Nimesikia," alisema. "Ahsante." Kisha akamgeukia muuguzi aliyekesha zamu. "Haya, binti yangu, nipe ripoti. Anza kitanda cha kwanza."